Uniti moja ya umeme, na paneli juu ya bati inakupa ngapi

Anayenunua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla ya kutumia, anaijua uniti kwa bei yake. Ukimuuliza uniti moja hukaa muda gani, atakwambia inategemea matumizi, na hakosei. Tatizo linaanza siku anapotaka kuweka sola nyumbani kwake Mikindani au Nachingwea, huku kusini mwa Tanzania. Dukani sola haiuzwi kwa uniti, inauzwa kwa wati. Hapo kati ya maneno hayo mawili ndipo pesa nyingi za watu zinapotea.

Aliyewahi kupanga foleni ya maji Newala ataelewa upesi. Wati ni jinsi maji yanavyotoka bombani sasa hivi, kwa nguvu au kwa kuchuruzika. Uniti ni maji yaliyokwisha kuingia kwenye ndoo. Bomba linalochuruzika nalo hujaza ndoo, ila litakuweka pale mpaka jioni. Kwa hesabu, uniti 1 ni wati 1,000 zikitumika kwa saa 1. Taa ya wati 10 huila uniti hiyo kwa saa 100. Pasi ya wati 1,000 huimaliza kwa saa moja.

Sasa tazama paneli iliyoandikwa wati 100 mgongoni. Namba hiyo ilipimwa kiwandani, chini ya mwanga mkali sana, paneli ikiwa na joto la nyuzi 25 tu. Juu ya bati la Mtwara mchana wa Januari, paneli hufika nyuzi 60 bila shida, na kila nyuzi inayozidi 25 hupunguza nguvu yake kwa karibu asilimia 0.4. Hiyo ni asilimia 14 imekwenda. Wengi hudhani joto ndilo linalotoa umeme. Hapana, ni mwanga. Joto linaharibu kazi. Ndiyo maana fundi mzuri huacha nafasi ya kiganja kati ya paneli na bati, hewa ipite.

Halafu kuna saa. Jua hukaa angani kwa muda wa saa 12, lakini asubuhi na jioni mwanga wake ni dhaifu, kwa hiyo ukijumlisha siku nzima ya jua zuri unapata kama saa 5 za mwanga kamili. Wati 100 mara saa 5 ni nusu uniti. Toa kinachopotea kwa joto, vumbi, waya na betri, unabaki na karibu theluthi moja ya uniti kwa siku. Ningependa kila anayekwenda dukani aende na namba hii kichwani: paneli ya wati 100, theluthi ya uniti.

Theluthi hiyo si haba. Inawasha taa tano za wati 7 kwa saa tano, inachaji simu tatu, na bado inaendesha televisheni ndogo ya wati 30 kwa saa tatu au nne. Kwa nyumba iliyokuwa ikisomea kwa koroboi, hayo ni mabadiliko makubwa, na sitaki mtu ayadharau. Lakini jaribu kuchemsha maji kwa umeme huohuo. Ndoo ya lita 20, kutoka maji ya kawaida mpaka yachemke, inataka takriban uniti 1.75. Ni kazi ya paneli ile kwa siku tano, bila kuwasha taa hata moja. Kila kitu kinachotengeneza joto kiko hivyo: pasi, birika, jiko la umeme.

Jirani yangu mmoja anauza samaki. Alinunua paneli ya wati 100, betri ya volti 12 yenye Ah 100 (ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri), na friji ndogo, baada ya kuambiwa dukani kwamba vinatosha. Siku ya kwanza friji iligandisha vizuri. Usiku wa pili ilizima kabla ya alfajiri. Miezi mitatu baadaye betri ilikuwa imekufa. Hesabu ilikuwa wazi tangu mwanzo, ila hakuna aliyemfanyia. Friji ndogo hula kati ya nusu uniti na uniti nzima kwa siku, zaidi ikiwa inafunguliwa kila mteja akija. Betri ile imebeba uniti 1.2, yaani volti 12 mara Ah 100, lakini betri ya risasi, iwe ya maji au kavu, inatakiwa itumike nusu tu. Ukiinyonya mpaka chini kila usiku unaiua. Kwa hiyo alikuwa na akiba ya uniti 0.6, na paneli isiyoweza kuijaza tena kwa siku moja. Betri za litiamu huvumilia kutumika zaidi, ila bei yake iko juu.

Huku kusini mvua ni msimu mmoja mrefu, kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, na siku ya mawingu mazito paneli hutoa sehemu ndogo tu ya kawaida yake. Basi piga hesabu ya Februari, usipige ya Agosti. Paneli iinamie kaskazini kidogo, nyuzi 10 hadi 15, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta. Maelekezo ya Ulaya ya kuielekeza kusini hayatuhusu. Kivuli cha jani la mnazi kikilalia kona moja ya paneli kinaweza kupunguza umeme wa paneli nzima. Na karibu na bahari, chumvi hula bolti.

Upepo je? Pwani tunao wa kusi na wa kaskazi, na feni la upepo linavutia macho. Lakini nguvu ya upepo hukua kwa namna ya ajabu: kasi ikipungua nusu, umeme unabaki moja ya nane. Feni lenye kipenyo cha mita moja, katika upepo wa mita 4 kwa sekunde, hutoa kama wati 9. Katikati ya minazi na mikorosho hata hizo huzipati.

Gesi ya samadi ni nzuri zaidi kwa kupikia, ila inataka ng'ombe wawili watatu wanaolala zizini, na maji karibu sawa na samadi yenyewe kila siku. Huko uwanda wa Makonde, ambako ndoo ya maji ina thamani, hilo ni jambo la kufikiria mara mbili.

Nyumba inayotumia uniti 75 kwa mwezi, ambacho ndicho kikomo cha wateja wa matumizi madogo wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, hutumia uniti 2.5 kwa siku. Kuzipata zote kwa jua kunahitaji paneli za wati 750 au zaidi, pamoja na betri za kubeba usiku. Jirani yangu alikaa chini na karatasi, akaandika kila kifaa, wati zake, na saa zake. Friji akaiunganisha na LUKU. Sola amebakiza kwa taa za genge na simu za wavuvi, na betri yake mpya sasa ina mwaka wa pili.