Cheti cha Alama ya Biashara Hakithibitishi Matumizi

Nimeambiwa tena, safari hii na mwenye kiwanda kidogo cha sabuni anayeuza Kariakoo, kwamba alama yake haiguswi kwa kuwa cheti anacho na ada ya kuhuisha amelipa. Cheti kinataja mmiliki ni nani. Hakisemi lolote kuhusu kama bidhaa yenye alama hiyo imewahi kufika sokoni.

Kwa Tanzania Bara, usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kwa miaka 10 kila mara. Wakati wa kuhuisha hudaiwi ushahidi wa matumizi, tofauti na Marekani ambako mmiliki huwasilisha tamko la matumizi pamoja na sampuli kati ya mwaka wa 5 na wa 6, na nadhani ukimya huo ndio unaowapumbaza wengi. Hata hivyo, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma, Sura ya 326, mwenye maslahi anaweza kuomba alama ifutwe kwenye rejista iwapo haikutumika kwa dhati kwa miaka 3 mfululizo.

Sasa tuje kwenye risiti za EFD, yaani za mashine ya kodi, ambazo wateja huniletea kama ushahidi wa matumizi na ambazo zinanichosha kuliko yote. Nakabidhiwa bahasha nzima, nusu zimefifia hazisomeki, na zinazosomeka zina jina la kampuni, TIN, tarehe, kisha "SABUNI 1KG x 24". Alama iko wapi? Mauzo yamethibitika, kodi imethibitika, lakini msajili hakuuliza kama ulilipa VAT. Jina la kampuni lililo juu ya risiti si alama iliyosajiliwa kwa ajili ya sabuni, labda jina na alama viwe neno lilelile, na hata hapo mpinzani mwerevu atadai kwamba lilitaja muuzaji tu, halikutambulisha bidhaa. Risiti hiyo huanza kuwa na uzito inapoambatana na lebo ya mzigo uleule, ankara ya mchapaji wa mifuko yenye mchoro wa alama, na hati ya kiapo ya mtu anayefahamu biashara, inayoeleza kwamba sabuni iliyouzwa tarehe ile ilikuwa ndani ya mfuko huu. Leseni ya TBS, shirika la viwango, husaidia kidogo, ila ruhusa ya kuuza si mauzo.

Kubadilisha rangi au mwandiko wa lebo si tatizo, mradi kinachoitofautisha alama kibaki palepale. Mkataba wa Paris, ule wa kimataifa wa kulinda mali ya viwanda, unaruhusu.

Ninachokitilia shaka ni kiasi cha matumizi kinachotosha. Katika shauri la Ansul la mwaka 2003, kuhusu alama ya Minimax ya vizima moto, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikataa matumizi ya kuigiza yanayolenga kulinda usajili tu, lakini haikutaja idadi, na uamuzi wake haufungi mtu hapa kwetu. Katoni chache kwa mwaka zatosha? Kwa sabuni ya kufulia ningeogopa. Kwa mashine ya kusaga huenda ningetetea hata mauzo machache.

Mteja wangu, kwa bahati, alikuwa na ankara nzuri kabisa, zenye jina la alama kwenye kila mstari. Zote zilikuwa za wateja wa Unguja, na Zanzibar ina sheria yake na rejista yake.