Hamkufunga ndoa? Maneno ya vijiweni na sheria inavyosema

Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania vijana wengi sasa wanaanza maisha bila ndoa. Mmoja anapata kibarua kwenye chai Mufindi au fremu ya duka Mwanjelwa, wanahamia chumba kimoja, mtoto anazaliwa, mahari "tutamalizia mbele ya safari". Mambo yakiharibika ndipo zinapozuka kauli hizi.

"Hatukuoana, huyo mtoto ni wako."

Hii ndiyo inayoumiza wengi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 haidai cheti cha ndoa. Inachotaka kujua ni nani mzazi. Baba akikana, mahakama hutazama kama jina lake limo kwenye daftari la vizazi, kama alifanya mila za kwao kwa ajili ya mtoto, kama alimtambua mbele za watu, kama anakataa kupimwa, na majibu ya DNA yanasemaje. Kwa hiyo zile meseji za "nimetuma ya maziwa ya mtoto" usizifute hata kama zinakuchefua. Anzia kwa afisa ustawi wa jamii. Yapo yanayokwisha hapo hapo mezani kwake. Yakishindikana, Mahakama ya Watoto ipo.

"Miaka miwili pamoja, tayari ni ndoa."

Nusu kweli. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mkiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawajua kama mume na mke, itachukuliwa kuwa mmeoana. Lakini dhana hiyo inapingika mahakamani. Wababe wa kijiweni huishia hapo na kucheka. Kifungu kidogo cha pili hawakitaji: hata dhana ikivunjwa, mwanamke anaweza kuomba matunzo yake na ya watoto waliowapata.

"Bila baba, mtoto hana cheti cha kuzaliwa."

Anapata, na mama anaweza kumsajili mwenyewe. Tena Mbeya imekuwa kwenye mpango wa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, wa watoto chini ya miaka mitano tangu 2013: cheti bure, kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata.

"Likizo ya uzazi ni ya mke wa mtu."

Likizo hufuata ajira, haifuati pete. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba anapata siku 3, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe. Siku tatu! Anayefanya kazi Mafinga na mama amejifungulia kwao Kyela, atazimalizia kwenye basi. Ila hata hizo 84 zinamfikia mwenye mwajiri tu. Muuza viazi wa Uyole hana wa kumwandikia barua ya likizo, na hapo sioni dhana potofu ya kusahihisha, ni pengo la sheria yenyewe.