Mzee Uliyemleta Mjini Amejuana na Nani?

Siku ya Wazee Duniani, Oktoba 1, inapokaribia, ofisi zetu za ustawi wa jamii hupokea ombi lilelile: mtoto anataka mzazi wake apelekwe kwenye makazi ya wazee "akapate wenzake wa kuzungumza nao." Nia ni njema, ila mlango aliobisha siyo. Makazi ya Serikali kama Nunge kule Kigamboni, Fungafunga Morogoro au Kolandoto Shinyanga ni ya wazee wasiojiweza na wasio na ndugu wa kuwatunza. Ombi huanzia serikali ya mtaa au kijiji, kisha afisa ustawi wa jamii hufanya uchunguzi na kutafuta ndugu kwanza. Mzee mwenye watoto wanne walioajiriwa hapokelewi, hata barua iwe na mihuri mingapi.

Tukiuliza zaidi, habari yenyewe hutoka. Mama alikuwa Muleba, Kagera, ana migomba yake, jumuiya yake, kikundi chake cha kuzikana. Presha ilipompanda watoto wakamleta Dar es Salaam. Sasa yuko Goba, ndani ya geti, kisimbuzi kimelipiwa na dada wa kazi anampikia. Watoto hutoka alfajiri na kurudi amekwishalala. Anakula, anameza dawa, na wiki inakatika hajazungumza na mtu wa rika lake. Kisha tunaambiwa, "Mama amebadilika, anasahausahau, ni uzee tu."

Siyo uzee tu. Na hii dhana kwamba upweke ni shida ya Wazungu, tafadhali tuiache. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) ya Juni 2025 inakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, na inauhusisha na vifo zaidi ya 871,000 kwa mwaka. Upweke huongeza hatari ya kiharusi, magonjwa ya moyo, kisukari, sonona na kudhoofika kwa akili. Nyumba kujaa wajukuu walioinamia simu hakumwondolei mtu upweke.

Wapo pia wanaojitenga kwa sababu hawasikii vizuri au wana mtoto wa jicho, wakachoka kuuliza "umesemaje?" Apimwe masikio na macho kabla hajaitwa mkaidi.

Mzee anayehamia mjini apelekwe kwa mjumbe, kisha ofisi ya serikali ya mtaa, akiwa na barua ya utambulisho ya alikotoka na kitambulisho cha Taifa kama anacho. Hapo ndipo pa kuuliza baraza la wazee, yaani chombo cha wazee wa eneo hilo, linakutana lini. Mabaraza haya yapo kuanzia mtaa na kijiji hadi taifa. Siyo ya wastaafu wa serikali wala ya wanasiasa, ingawa kila mwaka tunaulizwa hivyo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua kuwa mzee kila aliyefikisha miaka 60.

Ofisi hiyohiyo huanza utaratibu wa kitambulisho cha matibabu bila malipo kwa mzee asiye na uwezo. Wanaoongeza umri ili wakipate wafahamu kuwa kughushi nyaraka ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 7. Anayemsaidia kughushi naye anaweza kushtakiwa.

Barazani, mwacheni mzee ajibu mwenyewe. Wapo watoto wanaojibu kila swali, hata jina la mama wanalitaja wao, yeye amekaa kama mgeni. Mwulizeni pia anasali wapi, na nani wa kumpitia siku ya ibada. Marafiki aliowaacha kijijini namba zao ziingizwe kwenye simu yake yeye, siyo ya dada wa kazi, na vocha iwekwe kwenye bajeti ya mwezi pamoja na dawa za presha.