Kuhamisha Ubuntu kwenda patisheni mpya: faili zikishafika, bado anwani

Mtu akinunua diski ya SSD humwambia fundi, "Nihamishie kila kitu kama kilivyo." Inawezekana, tena bila kusimika upya Ubuntu, yaani mfumo endeshi wa kompyuta. Ila katika kitengo chetu cha TEHAMA tunaletewa kompyuta ambazo faili zimenakiliwa zote, na bado mashine haiwaki. Nyingine zinawaka kwa kutumia patisheni (sehemu ya diski) ya zamani bila mwenyewe kujua. Hizo ndizo zinatutia hofu zaidi, kwa sababu mtu hufuta ya zamani akiamini ameshahama.

Kwanza weka nakala ya nyaraka zako kwenye diski ya nje. Hilo halina mjadala. Kisha washa kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, ili mfumo unaohamishwa usiwe unafanya kazi; la sivyo baadhi ya faili zitabadilika huku zinanakiliwa.

Tengeneza patisheni ya ext4 (muundo wa kuhifadhi faili) kwa GParted, programu ya kugawa diski. Unganisha (mount) patisheni ya zamani kwenye /mnt/zamani na mpya kwenye /mnt/mpya, halafu nakili:

sudo rsync -aAXH /mnt/zamani/ /mnt/mpya/

Usisahau mkwaju baada ya "zamani", maana bila huo utapata folda iitwayo zamani ndani ya patisheni mpya. Herufi za -aAXH nazo si pambo: hutunza wamiliki, ruhusa na viungo vya faili. Programu ya sudo, kwa mfano, isipomilikiwa na root (msimamizi mkuu wa mfumo) hukataa kabisa kufanya kazi. Ndiyo maana kunakili kwa kuburuta na kipanya hakufai hapa.

Sasa anwani. Kila patisheni ina utambulisho wake, UUID, na faili ya /etc/fstab uliyoinakili, yenye orodha ya patisheni za kuunganishwa mfumo unapowaka, bado inataja ule wa zamani. Amri ya blkid itakuonyesha mpya. Uandike kwenye fstab iliyo ndani ya patisheni mpya, katika mstari wa alama ya /. Kama diski mpya ina patisheni yake ya EFI (yenye faili za kuwashia kompyuta), rekebisha na mstari wa /boot/efi.

GRUB, programu inayowasha mfumo, nayo imeshika UUID ya zamani. Unganisha /dev, /proc na /sys kwenye patisheni mpya, pamoja na ile ya EFI kama ipo, ingia kwa chroot (amri inayokufanya ufanye kazi ndani ya mfumo ulionakiliwa), kisha endesha grub-install na update-grub. Hatua hii ndiyo inayorukwa mara nyingi.

Wanaotumia dd, amri inayonakili patisheni nzima kama ilivyo, wajue kwamba hunakili hata UUID, hivyo patisheni mbili zinabaki na utambulisho mmoja. Chomoa diski ya zamani kabla ya kuwasha.

Kompyuta ikiwaka, andika findmnt / na usome safu ya SOURCE. Ikionyesha /dev/sda2 ilhali SSD yako ni /dev/nvme0n1, bado uko kwenye diski ya zamani: usifute kitu, rudi kwenye chroot.