Kumkanda mzee mwenye dimenshia: anzia mgongo wa mkono

Jua likianza kushuka, mzee mwenye dimenshia, yaani hali ya kumbukumbu na akili kudhoofika, mara nyingi hubadilika. Anazungukazunguka, anahangaika na komeo la mlango, anadai apelekwe kwao ilhali yuko kwake. Ukimbishia, unamchochea. Kabla saa hizo hazijafika, mpake mafuta mkononi umkande.

Niseme wazi: kukanda hakurudishi kumbukumbu, na anayekuuzia mafuta kwa ahadi hiyo anakudanganya. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, walipopitia tafiti za jambo hili mwaka 2006, zilizokidhi vigezo vyao zilikuwa mbili tu. Moja ilionyesha kwamba kukanda mikono hupunguza fadhaa kwa muda mfupi. Nyingine, kwamba mguso pamoja na maneno ya kumtia moyo humsaidia mgonjwa kula. Ni ushahidi mdogo, lakini kwa familia ambayo haijalala wiki nzima, nusu saa ya utulivu si kidogo.

Ngozi yenye vinyweleo ina neva zinazoitikia mpapaso wa taratibu, sentimita chache kwa sekunde. Ndiyo maana nawaambia ndugu waanzie mgongo wa mkono, si kiganja. Kaa mbele yake, macho yenu yalingane. Usimshtue kwa kumjia kwa nyuma. Mwamkie kama ulivyomwamkia siku zote: "Shikamoo bibi, naomba mkono wako nikupake mafuta." Pasha mafuta ya nazi viganjani mwako kwanza. Papasa kutoka kifundo hadi vidoleni, kisha kidole kimoja kimoja, dakika tano kila mkono. Huenda asiweze kusema "sitaki", lakini mwili wake utasema: akivuta mkono, akikunja ngumi au uso, acha. Jaribu kesho.

Sisi tumezoea kwamba kukanda ni kukandamiza hadi mtu agune. Kwa mzee usifanye hivyo. Ngozi yake huchanika upesi, mifupa yake huenda ni dhaifu, na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda huvilia damu kwa urahisi.

Mambo mawili hayasubiri mafuta. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na wenye maumivu, usiuguse: huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa. Na mzee aliyechanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili huenda ana maambukizi, pengine ya njia ya mkojo. Wote wawili wapelekwe hospitali siku hiyohiyo.