Jiko kubwa la kuni si lazima liwe bora

Katika nyumba za zamani za Uingereza zenye meko iliyoingia ukutani, imani moja imedumu: ukibadilisha jiko la kuni la kupasha nyumba joto, nunua kubwa kuliko yote yanayoenea humo. Si kweli.

Jiko la kilowati 8 kwenye sebule ndogo litakutoa jasho, nawe utabana hewa ili kupunguza moto. Hapo ndipo ubaya unapoanza. Kuni haziwaki vizuri, zinafuka tu. Kioo kinakuwa cheusi, na moshi unaganda ndani ya dohani mfano wa lami, ambayo siku moja inaweza kushika moto.

Hesabu ya haraka ni kugawanya mita za ujazo za chumba kwa 14. Sebule ya mita 5 kwa 4, yenye dari ya mita 2.5, inataka kama kilowati 3.5 (nyumba inayopitisha baridi, zaidi kidogo). Nafasi ya pembeni na juu ya jiko aliyoitaja mtengenezaji isipunguzwe. Jiko likibanwa, joto jingi huishia kwenye matofali. Tena likizidi kilowati 5, kanuni za ujenzi za England hudai tundu la kudumu la hewa, yaani baridi unayoilipia mwenyewe.