Pete za Zohali hazijafutika: ufafanuzi kwa wanaokuja usiku wa darubini

Tangu Machi 2025 dawati letu la elimu kwa umma linapokea malalamiko ya aina moja: mtu kaja usiku wa darubini, kachungulia sayari ya Zohali (Saturn), pete hakuziona, sasa anadai arudishiwe kiingilio. Mama mmoja aliyekuja na wajukuu alichungulia, akanigeukia: “Mwanangu, hili ni chungwa limechomwa njiti.” Alikuwa sahihi kuliko jumbe zote za WhatsApp zinazodai pete zimetoweka.

Hazijatoweka. Tarehe 23 Machi 2025 Dunia ilipita kwenye usawa wa pete hizo, tukawa tunazitazama ukingoni. Upana wake ni kama kilomita 270,000, lakini unene sehemu nyingi ni makumi ya mita tu. Inua sahani usawa wa macho uone kinachobaki. Jambo hili hujirudia kila baada ya miaka 13 hadi 16. Lilimchanganya hata Galileo, mnajimu wa Italia, mwaka 1612, ila yeye hakuwa na wa kumuuliza.

Kutoweka kwa kweli ni habari nyingine.

Pete si bamba. Mwanafizikia James Clerk Maxwell alionyesha mwaka 1859 kwamba bamba gumu lisingedumu pale. Ni vipande visivyo idadi vya barafu, vingine vumbi, vingine vikubwa kama nyumba, kila kimoja na mzunguko wake. Pete za namna hii huweza kuzaliwa hivi: mwezi au nyotamkia ikiisogelea sayari kupita kiasi, upande wa karibu huvutwa kwa nguvu kuliko ule wa mbali, hadi mvutano wake wenyewe ushindwe kuushikilia mwili wake. Mpaka huo wa ukaribu aliukokotoa Mfaransa Édouard Roche mwaka 1848. Ukishavukwa, kitu hupasuka, vipande hugongana na kutandaa. Phobos, mwezi wa Mirihi, uko njiani: unashuka kama mita 1.8 kila miaka mia.

Pete zikishatandaa hazitulii. Daphnis, kamwezi ka kilomita 8 hivi, kanafagia njia ndani ya pete za Zohali na kuinua mawimbi kwenye kingo zake. Kisha kuna kuvuja. Punje zikipigwa na mwanga wa Jua hupata chaji ya umeme, usumaku wa sayari ukazinasa na kuzishusha kama mvua. Makadirio ya mwaka 2018 ni kati ya kilo 400 na 2,900 kila sekunde. Ukiongeza maporomoko ya vipande vya pete yaliyopimwa na chombo cha anga cha Cassini kabla hakijatumbukia Zohali tarehe 15 Septemba 2017, pete hizi huenda zisimalize miaka milioni 100. Kuhusu umri wake wataalamu bado wanabishana, na kituo chetu hakina msimamo rasmi.

Sasa utaratibu. Kiingilio hurudishwa mawingu yanapozuia darubini kufunguliwa, si kwa mkao wa sayari. Ombi liletwe ndani ya siku saba pamoja na risiti halisi. Picha ya risiti haipokelewi. Atakayewasha tochi ya simu karibu na darubini ataonywa mara moja, mara ya pili atatolewa, na kundi lake litapoteza zamu. Kalamu za leza zinaachwa mapokezi. Wanaouliza Zohali inasemaje kuhusu ndoa zao: hapa hatupigi ramli.

Pete zitafunguka kwa upana kabisa mwaka 2032. Nafasi za mwaka huo hazijaanza kutolewa. Tafadhali msipige simu.